Karatasi ya Mkobani kwa Aliyekata Utumbo

Mama yule aliletwa saa nne usiku, amejikunja kwenye kiti cha magurudumu, mikono yote miwili tumboni. Mumewe alinieleza kwa haraka: vidonda vya tumbo vimemsumbua, hii wiki ya tatu, kila anachokula anatapika, zahanati ya mtaani wamemtundikia dripu mara nne na nafuu haionekani. Nilipofunua tumbo niliona makovu matano madogo, kila moja kama urefu wa ukucha, yametawanyika juu ya kitovu. Nikamuuliza amewahi kufanyiwa upasuaji gani. Akamtazama mumewe, akasema nyongo. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Alisubiri shemeji yake atoke kwenda kulipia vipimo, ndipo akanisogelea. "Daktari, naomba utusitiri. Si nyongo. Alikwenda India mwaka jana akakata utumbo. Shemeji anajua alitolewa mawe ya nyongo."

Muuguzi alikuwa ameshaandaa dripu ya tano, ya glukosi, kama ambavyo kituo chochote kingefanya kwa mtu anayetapika na kulegea. Nilimwomba asiifungulie. Mwili wa binadamu huweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, ya wiki mbili tatu hivi, na ubongo hauwezi kuichoma sukari bila vitamini hiyo. Aliyetapika wiki tatu ameshaimaliza akiba yake. Ukimmiminia glukosi mshipani, kile kidogo kilichobaki kinatumika chote kwa mkupuo na ubongo unaumia: macho yanaanza kucheza, miguu inapepesuka, mtu anachanganyikiwa, na kumbukumbu ikishapotea huenda isirudi tena. Macho ya mama yule yalikuwa yameanza kucheza. Tulimchoma B1 kwanza, kwa kipimo kikubwa, tukafuatisha maji ya chumvi. Siku tatu baadaye akasimama bila kushika ukuta. Dada mtu ndiye aliyemwokoa, kwa kuivunja siri pale mlangoni.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiutazama upasuaji huu wa kupunguza uzito kwa jicho jingine. Mazungumzo yetu kuuhusu yanaishia kwenye picha mbili, ya kabla na ya baada, gauni la zamani na gauni jipya. Mimi nataka kuzungumzia miaka inayokuja baada ya ile picha ya pili. Hatari kubwa ya upasuaji huu, kwa watu wetu, huanza mgonjwa akishashuka kwenye ndege na kurudi mtaani kwake na tumbo lenye njia mpya ambazo daktari wa pale, muuza duka la dawa, mkunga na hata mume wake hawazijui.

Tuanze na jina. "Kukata utumbo" ni neno ambalo Tanzania nzima inalielewa, lakini limebeba vitu vitatu visivyofanana. Kuna puto, ambalo huingizwa kwa njia ya koo likajazwa ndani ya mfuko wa chakula, likakaa kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Hapo hakuna kinachokatwa. Kuna slivu, ambapo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi, na utumbo wenyewe hauguswi. Na kuna baipasi, ambayo ndiyo ninayoizungumzia leo, kwa sababu ndiyo inayobadilisha njia ya chakula na ndiyo inayodai uangalizi mrefu kuliko zote. Mgonjwa akikwambia amekata utumbo, swali la kwanza ni: kipi kati ya hivyo vitatu? Nimekutana na watu wasiojua. Walilala, wakaamka, wakalipa, wakarudi.

Mfuko wa chakula wa mtu mzima aliyeshiba hubeba lita moja hadi moja na nusu. Katika baipasi daktari hukata kipande kidogo cha juu, panapoingilia chakula, akakifanya kijimfuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Sehemu kubwa iliyobaki hufungwa juu na kuachwa mahali pake, hai, ikiendelea kutoa asidi yake, ila chakula hakipiti tena humo. Kisha utumbo mwembamba hukatwa nusu mita hivi hadi mita moja kutoka mwanzo wake. Ncha ya chini huvutwa juu na kushonwa kwenye kile kijimfuko. Ncha ya juu, inayoleta nyongo na maji ya kongosho, huunganishwa chini zaidi, mita moja au moja na nusu mbele. Ukichora unapata herufi Y. Chakula kinashuka mkono mmoja, nyongo mkono wa pili, vinakutana kwenye shina. Kwa hiyo hakuna utumbo uliotupwa. Umepangwa upya, na kipande cha mwanzo, ambacho ndicho hodari wa kunyonya chuma na kalsiamu, kimerukwa.

Ufundi huu wa Y una umri mkubwa. César Roux, daktari wa Lausanne huko Uswisi, aliuanzisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa wagonjwa wa tumbo ambao hawakuwa na habari na unene. Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyegeuza baipasi kuwa tiba ya unene mwaka 1966, baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula walikonda na hawakunenepa tena. Katika miaka ya 1990, huko San Diego, ikaanza kufanywa kwa matundu madogo, na ndiyo maana mama yule alikuwa na makovu ya kudanganya: mtu aliyetolewa nyongo kwa matundu ana makovu yanayofanana na yake.

Wengi hudhani mgonjwa anakonda kwa sababu tumbo limekuwa dogo tu. Udogo una sehemu yake, lakini jambo la ajabu zaidi linatokea kwenye homoni. Chakula kinapofika sehemu ya chini ya utumbo mapema kuliko kawaida, utumbo unatoa kwa wingi homoni zinazouambia ubongo "imetosha" na zinazolisukuma kongosho kutoa insulini. Njaa yenyewe inabadilika. Wagonjwa huniambia wanasahau kula, jambo ambalo hawakuwahi kulijua maishani. (Sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa siku hizi zinaiga homoni mojawapo kati ya hizo.) Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake huko Greenville, North Carolina, walitangaza kwamba wagonjwa wao wengi wa kisukari cha aina ya pili walirudi kwenye sukari ya kawaida baada ya baipasi, na iliwashangaza kuona sukari inashuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua. Ni habari njema yenye mtego. Mgonjwa wa kisukari anayetoka hospitali akaendelea na dozi zake za zamani za insulini au vidonge anaweza kuzimia nyumbani kwa sukari kushuka. Dozi lazima ipangwe upya kabla hajaondoka wodini.

Nani anastahili? Kipimo kinachotumika ni BMI, uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita mara wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka kwenye 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wapasuaji wa fani hii viliushusha: 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa mtu wa mita 1.60, BMI ya 40 ni kilo 102 na ya 35 ni kilo 90 hivi. Anayetaka kupunguza kitambi ili avae nguo ya harusi hayumo humu, na daktari anayemkubalia anamdhulumu.

Kwa anayestahili, naitetea tiba hii bila kusitasita. Unene uliokithiri ni maradhi. Anayesema wanene ni wavivu hajawahi kukaa na mama wa kilo 130 anayelala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi zinakatika, aliyefunga, aliyetembea alfajiri, aliyekunywa kila aina ya majani yaliyouzwa sokoni, akapungua kilo kumi na kurudisha kumi na tano. Uchunguzi mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia maelfu ya wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na matokeo yaliyotolewa 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Hatari ya upasuaji wenyewe ni ndogo penye mikono yenye uzoefu. Uchunguzi wa hospitali kadhaa za Marekani uliochapishwa 2009 ulihesabu vifo vitatu hivi kwa kila wagonjwa 1,000 ndani ya siku 30. Nasi tunao wengi wanaohitaji tiba: kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2015 na 2016, asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene, na Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 33.

Kinachonikosesha usingizi ni kurudi nyumbani. Tiba hizi zimeanza kupatikana kwetu, hospitali ya Mloganzila na za Nairobi zikiwa mfano, lakini kwa miaka mingi wenye uwezo wamekwenda India, na sasa Uturuki. Safari ni ya wiki mbili. Mgonjwa anarudi na bahasha yenye ripoti, anaitia chini ya sanduku, sanduku linapanda juu ya kabati. Yule daktari wa kule ana orodha ya wagonjwa wengine kesho yake. Hawezi kumpigia simu kila mwezi mtu wa Tabata au Kisauni. Na mgonjwa hamtafuti daktari wa hapa, kwa sababu kumtafuta ni kukiri.

Siri hii ina sababu zake na sizidharau. Mtu aliyekonda kwa upasuaji anapigwa na ndimi mbili. Ulimi wa kwanza unasema amekwepa kazi, ametumia pesa badala ya kujinyima. Ulimi wa pili ni mkali zaidi. Kwetu kunawiri ni dalili ya amani. Mke anenepe watu wamsifu mume. Kwa kizazi kilichozika ndugu wengi miaka ya 1990, mtu kupungua kilo 30 ndani ya miezi sita kuna tafsiri moja tu, na tafsiri hiyo hunong'onwa msibani, sokoni na kwenye vikoba. Kwa hiyo mama anasema nyongo, anasema presha, anasema amefunga. Wahenga walimwonya mficha maradhi. Huyu anaficha tiba, na inamgeuka vilevile.

Asubuhi ya pili mama yule alimwambia mumewe mwenyewe. Mimi nilikuwapo, nikijifanya nasoma faili. Mzee alinyamaza muda mrefu, akavua kofia yake akaiweka magotini, kisha akasema, "Ungeniambia, mama watoto, tungekwenda wote." Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kuanzia siku hiyo mzee ndiye aliyekuwa akiniuliza maswali, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Swali lake la kwanza lilikuwa chakula, na hapo ndipo upendo wetu unapoweza kuumiza. Siku za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, funda kwa funda, kikombe kimoja kikichukua saa nzima. Wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji: supu ya kuku iliyochujwa, maziwa, mtindi mwepesi. Kisha vilivyosagwa laini kwa blenda, halafu vilaini vya kutafunwa, na chakula cha kawaida kidogo kidogo baada ya wiki ya sita au ya nane. Hospitali hutofautiana kwa siku kadhaa, na mgonjwa afuate ratiba aliyopewa. Shida ni kwamba nyumbani mgonjwa akitoka hospitali anapikiwa uji. Uji wa sembe wenye sukari vijiko vitatu unateremka kirahisi, mgonjwa anatabasamu, mama mkwe anafurahi, na mwili haujapata chochote cha kujengea kidonda. Kile kijimfuko cha vijiko viwili kina nafasi ndogo mno kuuachia wanga. Protini ikae mbele: angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha mtindi 8, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina 20 na zaidi. Hapa nawasifia dagaa. Dagaa wakavu waliosafishwa vizuri, wakakaushwa na kusagwa unga laini, wanachanganyika na supu au maharage yaliyopondwa, na gramu 100 za unga huo zina protini zaidi ya gramu 50. Mtori nao unafaa, mradi nyama isagwe humo humo badala ya kuachwa pembeni kwa wengine.

Maji yanywewe mbali na chakula, nusu saa baada ya kula. Kutafuna kuwe kwa muda mrefu hadi tonge liwe uji mdomoni. Ugali, mkate mweupe na wali wa kushikana huleta shida kuliko tunavyodhani, vinavimba na kukwama pale kwenye kiungio. Na katika sherehe, mwenye nyumba atakayemwona mgeni ameacha sahani karibu nzima atahisi ametukanwa. Ndugu mmoja anayejua hali amkalie mgonjwa karibu na kuipokea sahani hiyo. Nimeona hilo likifanywa kwa heshima kubwa, bila neno.

Sukari ina hadithi yake. Mfuko wa zamani ulikuwa na mlango wa chini uliokiachia chakula kidogo kidogo. Kijimfuko kipya hakina mlango huo. Glasi ya juisi ya miwa, soda, kashata, inamwagika utumboni kwa mkupuo, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu, na ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata na kuharisha kunaanza. Mtu anadhani anakufa. Akilala chini kidogo hupita. Kuna aina ya pili, inayoweza kuanza mwaka au zaidi baada ya upasuaji: saa moja hadi tatu baada ya mlo wa wanga, insulini imetoka nyingi kupita kiasi na sukari inashuka, mtu anatetemeka na kupoteza fahamu. Huyo ikimkuta akiendesha bodaboda au amesimama kwenye jiko la mkaa, madhara ni makubwa. Akiona dalili hizo arudi kwa daktari, lishe yake ipangwe upya.

Wasomaji wa Pwani huniuliza juu ya Ramadhani. Anayefunga hapati maji kwa saa 13 au zaidi, na mtu wa baipasi hawezi kufidia kwa kunywa lita mbili usiku kwa haraka, tumbo halipokei. Wagonjwa wangu nawashauri waache kufunga kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa mwanzo, wazungumze na wanazuoni wao kuhusu kulipa au fidia, na baadaye tuamue pamoja kwa kuangalia vipimo. Atakayefunga, futari isianze kwa tende tatu na uji mtamu. Ianze kwa maji na supu.

Nirudi kwa mama yule. Mumewe hakukosea aliposema vidonda. Tulipoingiza kamera tulikuta kidonda pale kijimfuko kinapoungana na utumbo, kimevimba hadi njia imebana. Magoti yalikuwa yakimuuma tangu enzi za unene, na kwa miezi minne alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, kama wanunuavyo watu wote. Kile kiungio hakina kinga ya kutosha dhidi ya asidi. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na jamii yao yote ni sumu kwake, na sigara vilevile. Parasetamoli inafaa. Sentensi moja ya kukataza diklofenaki, ingekuwa imeandikwa na kuonyeshwa dukani, ingemuepusha na kila kilichompata. Vidonge vinavyotengenezwa kuyeyuka polepole kwa saa nyingi navyo huenda visinyonywe inavyotakiwa kwenye njia iliyofupishwa, hivyo anayetumia dawa za presha, kifafa au tezi akaguliwe dozi upya. Na dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaotumia ARV, hushikana na chuma na kalsiamu tumboni ikashindwa kuingia mwilini. Imezwe saa mbili kabla ya virutubisho hivyo au saa sita baada yake. Hukonda watu wasio na ukimwi na hukonda wenye nao. Wote wana haki ya kuulizwa bila aibu.

Virutubisho ni vya maisha yote. Hapa ndipo wengi wanapoachia, kwa sababu mwaka wa kwanza mtu anajisikia mzima kuliko wakati wowote wa utu uzima wake na vidonge vinaonekana vya nini. Ini lina akiba ya B12 ya miaka, kwa hiyo upungufu unakuja taratibu, miguu ikianza kufa ganzi mtu ameshasahau kama alipasuliwa. B12 ichomwe au imezwe kwa kipimo kikubwa. Kalsiamu inahitajika miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, pamoja na vitamini D, na iwe ya sitreti, kwa sababu ile ya kaboneti iliyozoeleka madukani inahitaji asidi ambayo kijimfuko hakina ya kutosha. Chuma kimezwe mbali na kalsiamu, na mbali na chai. Kwa mwanamke wa kwetu suala la chuma ni zito. Takwimu zile zile za 2015 na 2016 zilionyesha asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu hata kabla ya upasuaji wowote. Ongeza hedhi, malaria na minyoo ya safura, kisha uruke kipande cha utumbo kinachonyonya chuma. Damu ipimwe kila miezi mitatu hadi sita mwaka wa kwanza, na walau mara moja kila mwaka baada ya hapo, hadi mwisho wa maisha. Nywele zikidondoka mwezi wa tatu hadi wa sita asitishike. Kwa wengi zinarudi protini na chuma vikitosha.

Uzazi unahitaji neno lake. Wanawake ambao hedhi ilipotea kwa miaka kwa sababu ya unene wanaweza kushika mimba ndani ya miezi michache, wakati mwili ungali unapungua kwa kasi. Mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango visitegemewe peke yake, kwa kuwa unyonyaji wake una shaka. Kitanzi au kijiti ni salama zaidi. Akishabeba mimba, mkunga asimpe ile glasi ya glukosi ya kupimia kisukari cha ujauzito, itamwangusha. Apimwe sukari kwa kidole kwa siku kadhaa.

Na maumivu ya tumbo. Wiki za mwanzo tunaogopa mshono kuvuja na damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Moyo unaokwenda mbio bila kutulia, homa, maumivu ya bega la kushoto, mguu kuvimba au kukosa pumzi ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Miezi na miaka baadaye kuna ngiri ya ndani. Mafuta ya tumbo yakishayeyuka, nafasi ndogo kati ya mikunjo ya utumbo hufunguka, na kipande cha utumbo kinajipenyeza na kujinyonga. Maumivu huja na kupotea, makali, chini ya chembe ya moyo, mara nyingi baada ya kula. Picha ya CT inaweza kuonekana ya kawaida. Huyu akiambiwa ni gesi akarudishwa nyumbani na dawa ya minyoo, huenda asubuhi utumbo umeshaoza. Mimba inapokua na kusukuma matumbo, hatari hii inazidi.

Pombe hupanda kichwani haraka baada ya baipasi, glasi moja ikifanya kazi ya mbili, na baadhi ya watu ambao hawakuwa walevi wamekuwa walevi miaka miwili mitatu baadaye. Kupungua haraka pia huzalisha mawe kwenye mfuko wa nyongo, ndiyo maana wengine hupewa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Uzito hupungua kwa robo hadi theluthi ndani ya mwaka na nusu, kisha husimama, na sehemu yake inaweza kurudi. Kilo tano zikirudi mwaka wa tatu mgonjwa asijifiche tena. Ni wakati wa kumwona daktari na afisa lishe, kama ambavyo mwenye presha hurudi presha ikipanda.

Mzee aliniomba nimwandikie yote haya kwa ufupi, karatasi moja, akaitie plastiki. Tuliiandika pamoja, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa lugha ya madaktari upande wa pili, na tangu hapo kila mgonjwa wangu wa baipasi, awe nimempasua mimi au amepasuliwa ng'ambo, anaondoka nayo. Juu jina la upasuaji, mwaka, na mchoro wa ile Y. Chini yake: usinipe diklofenaki wala dawa za jamii yake. Nikitapika zaidi ya siku mbili, nichome B1 kabla ya glukosi. Usiniingize mpira wa puani bila daktari wa upasuaji kujua, unaweza kutoboa kijimfuko. Usinipe glukosi ya kunywa kwa kipimo. Tumbo likiniuma sana, usiniambie ni gesi, niite mpasuaji. Kisha dawa ninazotumia, kundi la damu, jina la ndugu mmoja anayejua kila kitu, na namba mbili za simu za watu wanaopokea usiku.